Lise Meitner: Bibi aliyekosa tuzo akapata chumba

Wasomaji wenye watoto skuli bila ya shaka wamepata kuiona ile karatasi kubwa yenye vyumba vyumba, vimepangwa safu kwa safu mfano wa mashimo ya bao, ambayo waalimu wa kemia hupenda kuibandika ukutani. Hiyo ndiyo orodha ya elementi. Dhahabu ina chumba chake, fedha chake, shaba chake, chuma chake, na kila chumba kina nambari. Jumla ya vyumba ni 118. Ukiteremka hata safu ya chini kabisa, ukafika kwenye nambari 109, utakuta herufi mbili tu: Mt. Kitu hicho huitwa meitneriamu, nacho kimepewa jina hilo kwa ajili ya bibi mmoja wa Austria, Lise Meitner, aliyefariki mwaka wa 1968.

Viko vyumba kadha wa kadha vyenye majina ya wanaume. Kiko kimoja cha mume na mke pamoja, Bwana na Bibi Curie. Lakini chumba cha mwanamke peke yake, mwanamke aliyeishi kweli na si wa ngano, ni hicho kimoja tu. Na ajabu ni kwamba kitu kilichomo chumbani humo hakuna jicho la mtu lililopata kukiona.

Leo nataka nimsimulie bibi huyu pamoja na hicho kitu kilichobeba jina lake, kwani mimi naona hadithi hizi mbili ukizitenganisha zote mbili hupungua.

Bi. Lise alizaliwa mjini Vienna mwezi wa Novemba, 1878, akiwa mtoto wa tatu katika wanane wa wakili mmoja wa Kiyahudi. Huenda wako wanaodhani kwamba Ulaya tangu hapo ikiwasomesha mabinti zake. Sivyo. Katika Austria ya siku hizo msichana akitimiza miaka 14 skuli ya serikali ilikuwa imemwishia. Kilichobaki ni kungoja kuolewa, au akipenda awe mwalimu wa watoto. Vyuo vikuu vilipowafungulia wanawake mlango mwaka wa 1897, mtihani wa kuingilia ulidai masomo ambayo wasichana hawakuwa wamefundishwa. Babake akamtafutia mwalimu wa kumsomesha faragha, na masomo ambayo wavulana waliyapata kwa miaka minane yeye akayameza kwa miaka miwili. Mwaka wa 1901 akapasi akaingia Chuo Kikuu cha Vienna.

Huko alimkuta Ludwig Boltzmann, mwalimu aliyeshikilia kwamba atomu ni kitu cha kweli wakati ambapo wakubwa wenziwe wakikanusha. Mwaka wa 1906 Bi. Lise alipata shahada ya udaktari wa fizikia, mwanamke wa pili kuipata katika chuo hicho. Mwaka uliofuata akafunga safari kwenda Berlin, akikusudia kukaa kwa muda mfupi tu. Akakaa miaka 31.

Mjini Berlin alikutana na kijana wa makamo yake, Otto Hahn. Hahn alikuwa mtu wa kemia, hodari wa kuzitenga na kuzitambua dawa hata zikiwa chache mno, Bi. Lise alikuwa mtu wa fizikia, hodari wa kuuliza kwa nini. Wakawa kama sindano na uzi. Lakini mkubwa wa taasisi ya kemia, Emil Fischer, hakutaka wanawake ndani ya jumba lake. Baada ya kuombwa sana alikubali jambo moja: bibi huyo afanye kazi katika chumba cha chini kilichokuwa zamani karakana ya seremala, chenye mlango wake mbali, na asipande ngazi kwenda juu waliko wanafunzi wa kiume. Choo cha wanawake hakikuwapo, kwa hivyo ilimbidi atoke nje aende kwenye mkahawa wa njiani. Mwaka wa pili yake sheria ya Prussia iliwaruhusu wanawake kusoma vyuo vikuu na Fischer akalegeza kamba. Mshahara hata hivyo hakuwa nao, na kwa miaka kadha aliishi kwa fedha za nyumbani.

Wasomaji wetu wa pwani watapenda kusikia kwamba watu hawa wawili waliofanya kazi pamoja kwa miaka thelathini walikuwa na heshima kubwa baina yao. Kwa miaka mingi hawakuwahi kukaa meza moja wakala, ila kukiwa na shughuli rasmi, na waliitana kwa majina ya ukoo. Hahn alioa. Bi. Lise hakuolewa maisha yake yote.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Hahn aliingia jeshini. Bi. Lise naye akaenda kuwahudumia majeruhi wa jeshi la Austria kwa mashine ya eksirei, kisha akarejea Berlin kuendelea na kazi waliyoianza. Mwaka wa 1918 wakatangaza kwamba wameipata elementi ya 91, protaktiniamu. Majina yalikuwa mawili, ingawa sehemu kubwa ya kazi aliifanya bibi akiwa peke yake. Mwaka wa 1926 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa fizikia katika Ujerumani. Einstein mwenyewe alikuwa akimlinganisha na Bibi Curie.

Basi hapo ndipo alipofika Hitler alipotwaa utawala mwaka wa 1933. Bi. Lise alikuwa amebatizwa Mkristo tangu 1908, walakin sheria za Wanazi zilitazama damu, si dini. Akapokonywa ruhusa ya kufundisha chuoni. Kazi yake ya utafiti iliachwa, kwa kuwa alikuwa raia wa Austria, naye akainama juu ya vyombo vyake akaendelea. Baadaye alijihukumu mwenyewe kwa kukaa kwake, akaona ingempasa kuondoka mapema. Mimi sina haraka ya kumlaumu. Mtu aliyeanzia karakana ya seremala akaja kumiliki maabara yake mwenyewe hawezi kuiacha kama mtu aachavyo kibanda cha kupanga.

Mwezi wa Machi, 1938, Hitler aliimeza Austria, na pasipoti ya bibi ikawa haina nchi. Usiku wa kuamkia safari alilala nyumbani kwa Hahn, ambaye alimpa pete ya almasi aliyoirithi kwa mamake, ili ikibidi awape walinzi wa mpakani wafumbe macho. Tarehe 13 Julai akapanda gari la moshi pamoja na rafiki Mholanzi, Dirk Coster, akiwa na masanduku mawili madogo na marki 10 mfukoni. Walinzi hawakumzuia. Akavuka akaingia Uholanzi, na kutoka hapo akaenda Sweden. Alikuwa na umri wa miaka 59, hana maktaba, hana vyombo, na katika taasisi ya Stockholm iliyompokea alipewa nafasi ya kukaa bila ya kupewa watu wala zana za kufanyia kazi.

Kabla ya kutoroka walikuwa katikati ya jambo zito. Bi. Lise, Hahn na kijana aitwaye Fritz Strassmann walikuwa wakiupiga uraniamu kwa nutroni, ambazo ni chembe ndogo zisizo na umeme. Uraniamu ni elementi ya 92, nao, kama karibu wataalamu wote wa siku hizo, walidhani ukiupiga hivyo utapata vitu vilivyo vizito zaidi, 93 na 94 na kuendelea. Mwezi wa Disemba Hahn alimwandikia bibi barua kutoka Berlin, amehangaika. Alikuwa amekuta kitu katika uraniamu uliopigwa ambacho kila akikipima kinajionyesha kuwa ni bariamu. Bariamu ni elementi ya 56! Ni kama mtu atupe kijiwe kwenye ukuta wa ngome, akitazama aone ngome imekatika kati. Hahn hakujua maana yake, akamwomba bibi amtafutie maelezo.

Bibi alikwenda kupumzika mwisho wa mwaka katika mji mdogo wa Kungälv pamoja na mpwawe, Otto Robert Frisch, aliyekuwa naye mtu wa fizikia. Hawakuwa na furaha. Baba yake Frisch alikuwa kizuizini Dachau. Wakatoka kutembea kwenye theluji, kijana juu ya mbao za kutelezea na bibi kwa miguu bila ya kuachwa nyuma, wakazungumza. Halafu wakakaa juu ya gogo, bibi akatoa vipande vya karatasi na kalamu.

Hebu msomaji tulitazame jambo walilolipiga hesabu, kwani ndilo litakalotupeleka mpaka kwenye nambari 109. Kiini cha atomu, walisema, si jiwe gumu. Ni mfano wa tone la maji lililotulia juu ya jani la mgomba. Tone hushikwa na ngozi yake lisitawanyike. Lakini ndani ya kiini zimo protoni, zote zina umeme wa namna moja, na kwa hivyo zasukumana. Kadiri protoni zinavyozidi ndivyo ngozi inavyolegea, mithili ya jahazi lililoshindiliwa shehena mpaka mbao zaanza kuachana. Uraniamu wenye protoni 92 umo ukingoni. Nutroni moja ikiingia, tone hutikisika, hurefuka, hukatika kiuno, likawa matone mawili. Bi. Lise alizijua kichwani hesabu za kupima uzito wa viini. Akaona kwamba vipande viwili vikijumlishwa vina upungufu wa takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa protoni moja, na upungufu huo, kwa kanuni ya Einstein, ni nguvu ya elektroni-volti milioni 200. Nguvu hiyo kutoka kiini kimoja tu, kisichoonekana, yatosha kuirusha chembe ya mchanga ukaiona ikiruka. Na vipande vikisukumana vitatoka na nguvu kiasi gani? Wakapiga hesabu kwa njia hiyo ya pili: milioni 200 vile vile. Mambo yakakubaliana.

Hahn na Strassmann walitoa habari za bariamu Januari 1939 bila ya jina la bibi. Katika Ujerumani ile kuliandika jina la mkimbizi wa Kiyahudi kulikuwa na hatari. Bi. Lise na Frisch walitoa maelezo yao Februari. Ndiyo sababu jambo moja likagawanyika katika karatasi mbili, na baada ya hapo ikawa rahisi kwa wenye kusahau kusahau ya pili.

Mwaka wa 1943 Bi. Lise alialikwa ajiunge na wataalamu waliokuwa wakitengeneza bomu la atomiki huko Marekani. Alikuwa fukara, mpweke, hana maabara. Mwaliko huo ungemrudisha katikati ya wakubwa wa elimu yake. Mpwawe alikwenda. Yeye alikataa, hakutaka kuhusika na bomu. Hata hivyo, Hiroshima ilipoteketezwa Agosti 1945, magazeti yalimwandama mlangoni na kumwita mama wa bomu, yakatunga na hadithi kwamba aliiba siri yake Ujerumani akatoroka nayo mkobani. Jambo hilo lilimchoma sana.

Miezi mitatu baadaye ikatangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1944 amepewa Otto Hahn. Peke yake.

Katika vitabu nilivyosomea mimi skuli mambo yalikuwa hivyo hivyo: Hahn ndiye aliyepasua atomu, na bibi, akitajwa, hutajwa kama mtu aliyekuwa akimsaidia. Karatasi za siri za kamati ya Nobel zilipofunguliwa baada ya miaka hamsini ilionekana kwamba waamuzi wa kemia hawakuielewa vyema sehemu ya fizikia, na wa fizikia wakaipuuza. Jina lake lilipata kupendekezwa zaidi ya mara 40, kwa kemia na kwa fizikia, na hakupewa hata mara moja. Kilichomuuma zaidi, nionavyo mimi, si fedha wala medali. Hahn mwenyewe, rafiki wa miaka thelathini, baada ya vita alikuwa akieleza kwamba ugunduzi ule ulikuwa kazi ya kemia tupu. Pamoja na hayo hawakuvunja urafiki. Mwaka wa 1966 serikali ya Marekani iliwapa wote watatu, yeye, Hahn na Strassmann, Tuzo ya Fermi. Bibi alikuwa hajiwezi kusafiri.

Alihamia Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1960 kuwa karibu na mpwawe. Hahn alikufa Julai 1968, na jamaa wakamficha habari hiyo kwa udhaifu wake. Naye akafariki tarehe 27 Oktoba mwaka huo huo, siku chache kabla ya kutimiza miaka 90. Amezikwa Bramley, kijiji kidogo cha Uingereza, kando ya nduguye.

Miaka 14 baada ya kufa kwake, katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, kundi la Peter Armbruster na Gottfried Münzenberg lilikuwa likifanya kazi ambayo wazee wa kimiya wa zamani, wale waliotaka kugeuza risasi kuwa dhahabu, wangeitolea jicho. Walichukua viini vya chuma, wakavirusha kwa mashine kwa mwendo unaokaribia sehemu moja ya kumi ya mwendo wa mwangaza, wakavipigisha kwenye bamba jembamba la bismuthi. Chuma kina protoni 26. Bismuthi ina 83. Jumlisha mwenyewe: 109. Lakini viini viwili kukutana vikashikana ni jambo la bahati kubwa. Walirusha chuma siku nyingi, mabilioni kwa mabilioni, na tarehe 29 Agosti 1982 wakapata atomu moja. Moja tu. Ikaishi sehemu chache za elfu za sekunde moja, ikatoa chembe ya alfa, ikageuka kitu kingine, nacho kikageuka tena. Kwa zile chembe za alfa ndipo walipoijua, kama mtu ajuavyo kwamba mgeni alipita kwa nyayo zilizobaki mchangani. Na ikumbukwe kwamba miale ya alfa ilikuwa mojawapo ya mambo ya kwanza kabisa Bi. Lise aliyoyachungua alipokuwa kijana Vienna.

Hapa liko jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika habari hii. Juu ya lile gogo, bibi na mpwawe waliona kwa hesabu zao kwamba kiini kikifika kwenye protoni 100 hivi, ngozi ya tone haitakuwa na nguvu tena na kiini hakitaweza kusimama hata kidogo. Kwa hesabu hiyo, kitu chenye jina lake kisingekuwako. Mbona basi kipo, japo kwa kitambo? Kwa sababu tone si hadithi yote. Mwaka wa 1949 bibi mwingine, Maria Goeppert Mayer, na mwanamume aitwaye Jensen, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba protoni na nutroni ndani ya kiini hujipanga tabaka kwa tabaka. Jahazi lililozidi shehena, likiwa na nahodha ajuaye kupanga mizigo, huweza kuelea pale ambapo jingine lingezama. Elementi zote hizi nzito za kutengenezwa na binadamu, kuanzia 104 na kuendelea, zaishi kwa mpango huo wa mizigo.

Na meitneriamu ni kitu cha namna gani? Katika orodha imekaa chini ya kobalti, rodiamu na iridiamu, kwa hivyo yatazamiwa kuwa madini yabisi yenye tabia za ndugu hao. Hesabu zaonyesha kwamba ingekuwa nzito kuliko osmiamu, iliyo nzito kupita madini zote za ardhini. Finjani moja ya kahawa ikijazwa kitu hicho ingezidi kilo moja. Lakini hayo ni ya kwenye karatasi. Atomu zilizopata kutengenezwa ni chache, na iliyo na umri mrefu zaidi, yenye uzito wa 278, huishi sekunde chache tu. Kahawa haijapoa hata kidogo, nayo imekwisha kuondoka.

Kuhusu jina, kulikuwa na ugomvi mkubwa. Wamarekani, Warusi na Wajerumani waligombania majina ya elementi za 104 hadi 109 kwa miaka mingi. Wamarekani walitaka ya 105 iitwe kwa jina la Hahn, na jina hilo walilitumia hata vitabuni. Mwaka wa 1994 kukatolewa shauri kwamba Hahn apewe ya 108. Mwaka wa 1997 chama cha kimataifa cha wanakemia kilikata shauri la mwisho. Ya 105 ikaitwa dubniamu, kwa mji wa Dubna wa Urusi. Ya 108 ikaitwa hasiamu, kwa jimbo la Hesse uliko mji wa Darmstadt. Hahn akatoka bila ya chumba, na kwa desturi ya chama hicho jina lililokwisha kutumika likaachwa halipewi elementi nyingine. Ya 109, ambayo Wajerumani waliipendekezea jina la Meitner, haikuwa na mgomvi yeyote. Ilipita kama ilivyoletwa.

Tangu hapo wanakemia wameendelea kuvibisha hodi vyumba hivyo kimoja kimoja. Ya 108 ilipimwa mwaka wa 2001, ikaonekana yafuata tabia za osmiamu iliyo juu yake. Ya 112 nayo imekwisha kupimwa ikafananishwa na zebaki. Zilizo katikati, 109, 110 na 111, bado hazijapimwa kemia yake, kwani atomu hazipatikani za kutosha, wala hazikai muda wa kutosha kufikishwa kwenye chombo.